Funga desa kwanza, halafu niambie

Juzi usiku mpwa wangu alinitumia picha WhatsApp. Ni binti wa dada yangu mkubwa, ameanza mwaka wa kwanza hapa Dodoma Novemba iliyopita, na picha yenyewe ilikuwa ya desa lake la uchumi, yaani noti zake za somo. Desa zima njano. Amelipitishia hailaita kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa arobaini na kitu, mpaka ile mistari michache iliyosalimika ndiyo ikawa inaonekana ya maana. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mjomba. Nimelisoma mara nne. Keshokutwa testi. Nimeiva."

Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Mimi nami niliwahi kuiva namna hiyo, Februari 2018. Nilipopakuliwa nikakutwa mbichi.

Kwa asiyewahi kusoma Dodoma nieleze kidogo. Huku mwaka wa chuo unaanza jua likiwa limekaa utosini, mvua bado, vumbi linaingia hadi katikati ya kurasa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 570 kwa mwaka, kwa hiyo ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. UE ya kwanza, yaani mtihani wa mwisho wa semista, inaangukia Februari, zabibu za Hombolo na Mpunguzi zikiwa zimeiva na akina mama wanapita nazo kwenye mabeseni. UE ya pili inakuja mnamo Julai, kwenye ule upepo wa baridi unaomfanya mtu wa Dar avae sweta mbili na bado alalamike. Aliyesoma hapa anazikumbuka semista zake kwa zabibu na kwa upepo.

Asubuhi ya mtihani wangu wa kwanza wa uchumi nilinunua zabibu nusu kilo, nikala njiani nikitembea kwa madaha. Nilikuwa nimelisoma desa mara nne. Ndiyo, mara nne na mimi.

Swali la tatu, kwa Kiingereza kama mitihani yetu yote ya chuo, lilitaka nitofautishe mabadiliko ya kiasi kinachohitajika na mabadiliko ya mahitaji yenyewe, tena nichore na mikunjo, ile mistari ya kwenye grafu. Nikatabasamu. Hili nalijua. Liko ukurasa wa kumi na saba, upande wa kushoto, chini ya doa la chai lenye umbo la Ziwa Tanganyika. Nililiona kabisa kichwani: kichwa cha habari kimepigiwa mstari, chini yake hoja tano kwa namba za Kirumi. Nikasogea nizisome. Hakuna kitu. Namba zipo, moja hadi tano, zimejipanga kama viti vya harusi kabla wageni hawajafika. Doa nililikumbuka hadi kingo zake. Ningeulizwa nichore doa ningepata alama zote.

Nikaandika nusu ukurasa wa maneno ya kuzungukazunguka, nikachora mkunjo mmoja nikakosea mshale, nikahamia swali jingine nako nikakuta hali ni hiyohiyo.

Matokeo yalinikuta kwenye kimbweta, benchi letu la kujisomea, nyuma ya hosteli, simu mkononi, mtandao unasuasua. Sapu mbili, mitihani ya kurudia: uchumi na takwimu. Mwenzangu wa chumba, jamaa mmoja wa Mtwara mwenye moyo mwepesi, akanipiga begani akasema sapu ni sehemu ya maisha ya chuo, asiye na sapu hajasoma. Sikumjibu. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba nilikuwa nimesoma kweli. Watu wa zimamoto, wanaofungua desa usiku wa kuamkia mtihani, nilikuwa nawasikitikia. Mimi nilipiga msuli wiki tatu, nikakesha, macho yakawa mekundu. Halafu wa zimamoto wawili watatu wakapita, mimi nikabaki.

Likizo ndefu nikarudi kwetu Kondoa na siri yangu. Baba nikamwambia matokeo "yanaendelea vizuri", maneno yasiyo na maana yoyote, naye akayapokea kama yana maana. Sapu ni Septemba. Nikafungua desa, nikaanza kulisoma mara ya tano.

Wiki ya pili, maalim aliyenisomesha madrasa nikiwa mdogo akashikwa na mgongo, akaniomba nimsikilizie watoto jioni kwa siku kumi. Kusikiliza kwenyewe ni hivi. Mtoto anakuja mbele, anakukabidhi juzuu yake, anakaa, anasoma kwa moyo, na wewe unamfuata kwenye maandishi. Akikwama unamwanzishia neno moja tu. Akikwama mara tatu anarudi nyuma na sura yake, kesho aje tena. Haingii sura mpya mtu kabla hajasoma ya jana, na siku ya mwisho ya wiki anasoma zote za wiki ile. Mimi mwenyewe Juzuu Amma, sura 37, iliniingia kwa njia hiyo nikiwa na miaka kumi na moja, na mpaka leo ukiniamsha saa nane za usiku naianza popote unapotaka.

Siku ya tatu au ya nne akaja kijana wa miaka tisa hivi, mtundu, meno ya mbele hana. Juzuu ikiwa wazi mbele yake alikuwa anatiririka kama maji ya bomba. Nikaifunga. Akasoma aya mbili, akanyamaza, akaanza kutazama dari. Nikamwanzishia. Akanyamaza tena. Kisha akaniambia kwa uchungu wa mtu anayeonewa: "Maalim, naijua hii. Ila ukifunga inakimbia."

Nikamwambia, kwa ukali wa kuazima, kwamba kama inakimbia ikifungwa basi huijui, unaitambua tu. Kama vile unavyomtambua mtu sokoni lakini jina lake hulipati.

Basi nikabaki nimeshika juzuu ya watu, nimekodoa macho. Wenzake walidhani nimekasirika, wakawa kimya msikiti mzima.

Usiku ule nilichukua kaunta buku jipya. Nikasoma ukurasa wa kumi na saba mara moja, polepole, nikafunga desa nikalisukumia chini ya mto. Nikaandika kila nilichobaki nacho. Hoja mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo mbili nimeipindua. Nikafungua, nikajaza mapengo kwa kalamu nyekundu, ukurasa ukawa unatisha. Alfajiri, kabla sijafungua chochote, nikaandika tena: tatu. Kesho yake nne. Nikaruka siku mbili, nikarudi: nne tena, ila safari hii aliyetoroka ni mwingine. Zilichukua kama siku tisa kutulia zote, na nakiri kwamba zile siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kusoma desa lililo wazi kuna raha yake, unajiona msomi. Kulifunga kunakuvua nguo.

Kuna jambo lingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia. Desa likiwa limefungwa, Kiingereza chake nacho kinakuwa kimefungwa. Zile sentensi nilizokuwa naziegemea hazipo, nimebaki na kichwa changu, na kichwa changu kinafikiri Kiswahili na Kirangi. Nikagundua kuna sentensi nzima nilizokuwa nazisema kwa ufasaha kwa Kiingereza lakini nikitakiwa kumwelezea mtu wa nyumbani, sina la kusema. Nilikuwa nimebeba gunia ambalo sijawahi kulifungua.

Nikaamua kulifungulia sokoni kwa dada. Yeye anauza nyanya, vitunguu na dagaa. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikamweleza: bei ikipanda, kiasi ambacho watu wanataka kununua kinapungua. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa habari kwamba maji yanalowesha. "Hiyo ndiyo mnalipia ada?" Mpwa wangu, huyu huyu wa desa la njano, wakati huo yuko darasa la saba, alikuwa anafuta nyanya kwa kitambaa akacheka mpaka akadondosha moja. Nikamwambia dada asubiri, kuna sehemu ya pili, na sehemu ya pili ndiyo inayonishinda. Nikamweleza nilivyoweza. Akafikiri kidogo, mkono kwenye mzani, akasema: "Aa. Bei ikipanda wananunua chache, sawa. Ila Januari bei ni ileile ya Desemba na bado hawanunui, ada za shule zimewakomba. Hayo ni mambo mawili."

Ni mambo mawili kweli. La kwanza unatembea juu ya mkunjo uleule, kwa sababu bei ndiyo imebadilika. La pili mkunjo wote unahama, kwa sababu kilichobadilika kiko nje ya bei: kipato, idadi ya wanunuzi, ladha za watu, bei ya bidhaa nyingine inayoweza kushika nafasi yake. Hizo ni nne kati ya zile hoja zangu tano zilizokuwa chini ya doa la chai. Tangu siku ile sijawahi kuzisahau, na kila nikizikumbuka nanusa dagaa.

Septemba nikafanya sapu, nikapata C mbili. Chuoni kwetu hata ukipata tisini kwenye sapu unaandikiwa C, kwa hiyo sitawaambia nilipata ngapi, mtasema najisifu.

Mwaka wa pili, rafiki yangu aliyekuwa anasomea ualimu akaniletea karatasi zilizotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. "Soma hapa," akasema, "Wamarekani wamehangaika na lugha ya mama yako." Ilikuwa ripoti ya watafiti wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, iliyotoka mwaka 2008 kwenye jarida la Science. Walikuwa wamewapa wanafunzi wa chuo Marekani maneno 40 ya Kiswahili, kila neno na maana yake ya Kiingereza, wayashike. Neno mojawapo ni mashua. Nilicheka sana. Mimi Mtanzania wa Kondoa, mashua yenyewe sijawahi kuiona kwa macho, maji makubwa niliyoyajua ni Bwawa la Hombolo, na kuna kijana mahali fulani Marekani anatokwa jasho akirudia "mashua, mashua".

Lakini jaribio lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wanafunzi waligawanywa makundi manne. Wote walifika mahali pa kuweza kutaja kila neno kwa usahihi angalau mara moja. Baada ya hapo njia zikaachana. Wapo walioendelea kuulizwa hata maneno ambayo tayari wameyapata, na wapo ambao neno wakishalipata hawaulizwi tena, hata kama wanaendelea kuoneshwa na kulisoma. Wiki moja baadaye wakaitwa wote. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kuulizwa walibaki na theluthi hivi, na waliokuwa wakiendelea kusoma bila kuulizwa hawakuwazidi kitu cha maana wale ambao hata kusoma waliacha.

Kilichonifanya niweke karatasi chini ni kipande kingine. Kabla ya kuondoka siku ya kwanza, waliulizwa kila mmoja anadhani atakumbuka maneno mangapi baada ya wiki. Makundi yote yalikisia karibu sawasawa, kama nusu. Yaani aliyekuwa anaelekea kukumbuka sana na aliyekuwa anaelekea kusahau sana walijisikia vilevile. Wote walijiona wameiva kwa kiwango kimoja. Nikakumbuka zabibu zangu za njiani.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: "Si ndiko kukariri huko tunakokukataza?" Nimeambiwa hivyo mara nyingi, hasa na watu waliosoma vizuri wakasahau walisomaje. Mimi sioni kukariri ni dhambi. Huwezi kufikiri kwa kutumia kitu ambacho hukibebi. Mwanafunzi asiyekumbuka maana ya mkengeuko sanifu, kile kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, hawezi kukwambia kama takwimu za mtu zimepikwa. Ninachokubali ni kwamba kukumbuka maneno peke yake hakutoshi. Ndiyo maana kwangu mimi desa likishafungwa maswali ni mawili: nini, kisha kwa nini, na la pili nalijibu kwa Kiswahili kana kwamba dada amekaa mbele yangu na mzani wake. Kwenye takwimu hakuna hata haja ya maswali. Unachukua swali la pasti pepa, unaficha majibu, unakokotoa mpaka mwisho. Kutazama swali lililokokotolewa na mwenzako na kuitikia kwa kichwa ni sawa na kutazama mpira ukasema umefanya mazoezi.

Kuhusu ratiba sina mengi. Siamini habari za kuamka saa tisa usiku zinazouzwa na wahamasishaji. Nilijaribu wiki mbili nikawa nalala darasani mdomo wazi, na kuna picha. Usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma. Tangu mwaka 1924 kuna majaribio yanayoonesha kwamba aliyejifunza kitu kisha akalala anakumbuka zaidi ya aliyejifunza kisha akabaki macho kwa muda uleule. Mimi nilichofanya ni kuning'iniza tabia mpya kwenye msumari uliokwisha kugongwa. Swala ya alfajiri nilikuwa naiamkia tangu utotoni. Basi nikitoka msikitini, kabla sijashika simu, nakaa dakika thelathini na kaunta buku: ya jana, kisha ya wiki iliyopita, kisha nachomoa kitu kimoja cha zamani bila kuchagua. Dakika thelathini tu, wakati upepo wa mlimani haujaamka na wenzangu bado wanakoroma. Mkristo ana msumari wake, na asiye na wowote ana chai ya asubuhi.

Hiyo ya kurudia ya zamani ina sababu. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijitumia mwenyewe kama panya wa maabara, akawa anakariri silabi zisizo na maana na kupima anazisahau kwa kasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885: tunachojifunza kinapukutika haraka sana saa na siku za mwanzo, halafu kasi inapungua. Maalim wangu hajawahi kumsikia Ebbinghaus, ila ile sheria yake ya kusoma ya jana kwanza, na zote mwisho wa wiki, ingemfurahisha yule Mjerumani.

Diskasheni nilizijaribu nikaziacha. Kundi la watu kumi lina wawili wanaoongea, watatu wanaochati, wanne waliokuja kwa sababu ya wanaochati, na mmoja mwenye chaja. Tukabaki wawili, mimi na yule wa ualimu, masomo yetu hata hayafanani. Kutoka madarasani hadi hosteli ni mwendo wa dakika ishirini na tano kupitia barabara ya vumbi, kando kuna mibuyu miwili, na sheria yetu ilikuwa kwamba hadi mbuyu wa pili naulizwa mimi, kutoka hapo anaulizwa yeye. Ukikwama unaanzishiwa neno moja. Alikuwa haelewi uchumi hata kidogo, na hiyo ilinisaidia, kwa sababu mtu asiyeelewa hakubali jibu la nusu. "Kwa nini?" anasema. Unajibu. "Sasa hiyo kwa nini?" Kuna jioni tulipita hosteli tukaenda kutokea karibu na barabara kuu bila kujua.

Na pale kwa nini inaponishinda kabisa, naenda ofisini kwa mwalimu. Hili niseme haraka: walimu wengi wa chuo wamekaa tu ofisini wanasubiri mtu agonge mlango, na wanafunzi wamekaa vimbwetani wanawaogopa. Nenda na daftari lako lenye wekundu, mwoneshe pengo liko wapi. Ukienda na "sijaelewa topiki yote" atakurudisha kwenye desa.

Sasa bumu. Siwezi kuzungumzia tabia za chuo nikaruka fedha ya Bodi ya Mikopo, maana nimeona vichwa vizuri kuliko changu vikianguka kwa sababu ya tumbo. Wakati wetu posho ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Siku hizi ni 10,000. Kwa ile ya wakati wetu, ikiingia ya siku sitini unakuta kwenye akaunti 510,000 mara moja, na wewe hujawahi kushika laki mbili. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku na viatu. Wiki ya tano mtu anapiga pasi ndefu, anaunganisha mlo wa mchana na wa usiku kuwa chapati moja ya saa kumi, halafu anashangaa kwa nini kichwa hakishiki. Nilifika huko semista ya kwanza. Semista ya pili bumu lilipotoka nilienda moja kwa moja kwa mama ntilie wa nyuma ya hosteli, nikamlipa wali maharage wa siku sitini, mlo mmoja kila siku, saa saba mchana. Akaandika kwenye daftari lake na mimi kwenye langu. Aliniuliza kama naumwa. Mpaka namaliza chuo tulikuwa tunafanya hivyo, na alikuwa ananiongezea mlenda bila kuuhesabu.

Ila nisiwe mtu wa kuhubiri juu ya sahani ya wengine. Niliwahi kukaa chumba kimoja na kijana ambaye mkopo hakupata kabisa. Alikuwa anabeba mizigo Soko la Majengo kuanzia saa kumi alfajiri, anakuja darasani anasinzia. Huyo ukimwambia habari ya kaunta buku unamtukana. Alichohitaji ni chakula na ada, na alivyofika mwaka wa tatu sijui kwa kweli alitumia nguvu gani.

Machi 2020 ikaja korona, vyuo vikafungwa, tukatawanyika. Nilikuwa mwaka wa tatu. Tarehe 1 Juni tulipofunguliwa, ratiba ikawa imebanwa, testi juu ya testi, na kundi la WhatsApp la darasa likajaa vilio. Ile miezi miwili na ushee nilikaa Kondoa bila mwalimu, bila CR, kiongozi wa darasa, wa kutukumbusha. Nilichokuwa nacho ni swala ya alfajiri na kaunta buku la tatu. Sikusoma sana, nisiwadanganye. Mchana nilikuwa shambani kwa baba na usiku natazama tamthilia na mama. Zilikuwa zile dakika thelathini tu. Lakini niliporudi, vitu vya Februari vilikuwa bado viko mahali pake, na rafiki yangu wa mibuyu naye vivyo hivyo, kwa kuwa kila Ijumaa usiku tulikuwa tunaulizana kwa simu mpaka vocha inaisha.

Ndiyo maana juzi, badala ya kumjibu mpwa wangu kwa ujumbe, nilimpigia.

"Marahaba mama. Desa liko wapi?"

"Hili hapa mjomba, ninalo mkononi."

"Lifunge. Mpe mwenzako wa chumba."

Kimya. Nikasikia karatasi, nikasikia mwenzake akiuliza kuna nini, nyuma yao upepo ukipiga bati.

"Haya, niambie tofauti ya mabadiliko ya kiasi kinachohitajika na mabadiliko ya mahitaji yenyewe. Kwa Kiswahili."

"Mjomba! Kwa Kiswahili?"

"Kama unamwambia mama yako."

Akaanza vizuri. Bei ikipanda, kiasi kinapungua, unatembea kwenye mkunjo. Akaongeza mfano wa mchele. Kisha akaingia sehemu ya pili na sauti ikaanza kupungua. Akataja kipato. Akataja ladha. Akasema "halafu kuna ile nyingine... iko juu, upande wa kulia, nimeipaka... mjomba, naiona kabisa."

"Inasemaje?"

"Naiona lakini siisomi."

Nikanyamaza. Nilitaka sana kumwambia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikamwanzishia moja tu: "Dagaa."

Sekunde kama kumi. Halafu akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Mama yake nyanya zikipanda anauza dagaa zaidi, wateja wanahamia huku. Bei ya bidhaa nyingine inayoweza kushika nafasi yake! Akacheka, akaeleza tena toka mwanzo bila kuulizwa, akafika hoja nne, ya tano ikamkatalia. Nikamwuliza nimtajie?

"Hapana, acha," akasema. "Nipigie kesho baada ya alfajiri. Na dagaa usitaje."